Meza ya maua ya Valentine 2027: kabla hujalipia kibaraza

Dada, umeuliza kama laki sita zinatosha kufungua meza ya maua ya Valentine mwakani hapa Dar, na kama ulipie kibaraza Posta, kule kwenye maofisi, au Sinza, kwenye makazi ya watu. Zinatosha, mimi nilianza na pungufu ya hapo. Suala la eneo naliweka mwishoni, kwa sababu hasara yangu kubwa haikutokana na eneo. Ilitoka kwenye ndoo.

Ilikuwa 2022. Niliagiza waridi jekundu, mashina 300, kutoka Arusha. Wakati ule mabasi ya mikoani yalikuwa hayatembei usiku, kwa hiyo boksi lilipakiwa alfajiri, likashinda kwenye buti na joto lote la Februari, nikalipokea stendi ya mabasi ya Mbezi jioni. Kwa juu yalionekana mazima. Nikayatumbukiza kwenye maji ya kisima cha mtaani kwetu, yale ya chumvi, nikaenda kulala. Asubuhi ya tarehe 14 karibu theluthi yalikuwa yameinamisha vichwa. Majani ya kijani, shina gumu, shingo imelegea. Mteja wa kwanza alinyanyua ua moja, akaliangalia, akalirudisha taratibu bila neno, akaondoka. Mpaka leo namkumbuka yule kaka.

Nilikuja kuelewa baadaye. Shina lililokaa bila maji huvuta hewa, hewa inaziba vimirija, na hata ukilizamisha kwenye ndoo maji hayapandi kichwani. Sasa mzigo ukifika, naondoa majani yote yatakayozama, kisha nakata upya kama vidole viwili kwa mshazari, shina likiwa ndani ya maji, kwa kisu kikali. Mkasi butu unaminya vile vimirija. Maji yawe baridi, matamu, yaani yasiyo ya chumvi. Kwa lita moja naweka kijiko cha chai cha sukari, kijiko cha chai cha jiki na vijiko viwili vya chai vya maji ya limau. Halafu nayaacha gizani kwa muda wa saa nne au tano kabla sijafunga shada hata moja. Lililolegea shingo nalifunga kwa gazeti lisimame wima, nalizamisha mpaka karibu na tumba kwenye maji ya uvuguvugu. Mengi hurudi ndani ya saa mbili.

Na usiyalaze stoo moja na ndizi mbivu, tafadhali. Ndizi hutoa gesi inayozeesha maua. Waridi linaweza kuvumilia kidogo, lakini karanesheni hujikunja usiku mmoja tu na halifunguki tena.

Siku hizi mabasi yanatembea usiku, hilo limetusaidia mno. Mzigo unatoka Arusha jioni na unafika Mbezi alfajiri kabla jua halijachoma. Nenda mwenyewe, na fungua boksi palepale. Bonyeza tumba kwa vidole viwili, chini, pale linapoungana na kikonyo. Likiwa gumu, ni la juzi. Likibonyea kama sponji, limekaa sana kwenye ubaridi na halitafika jioni. Zile petali za nje zenye madoa zisikutishe, zinalinda zile za ndani. Unazibandua wakati wa kufunga.

Kuhusu idadi, mimi sinunui tena kwa matumaini. Nachukua oda kuanzia katikati ya Januari, nusu ya bei inaingia kwenye simu kwanza. Anayesema "niandikie tu, nitalipa siku hiyohiyo" simwandiki, hata akiwa shemeji. Nahesabu maua ya oda, naongeza robo kwa ajili ya wapita njia na yatakayovunjika, basi. Na nalipia mzigo mapema, maana wiki ya mwisho niliwahi kupewa bei mara mbili ya niliyoambiwa Januari. Kwa laki sita zako, mimi nisingevuka mashina 200.

Sasa eneo. Jibu langu linategemea kalenda. Mwaka 2024 tarehe 14 iliangukia Jumatano ya Majivu. Nilikuwa Posta, na wateja wangu wengi wa kila mwaka walikuwa wamefunga, mchana ukapita kimya. 2025 ilikuwa Ijumaa, watu wako ofisini, mzigo ukaisha kabla ya saa tisa. Kibaraza kilekile.

Mwakani ni Jumapili. Posta hakutakuwa na mtu. Zaidi ya hapo, Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na Kwaresima inaanza Jumatano tarehe 10. Dada yangu, huo ni mji mzima umefunga! Ningekuwa wewe nisingelipia kibaraza chochote, si Posta wala Sinza. Ningeuza kwa oda tu, nafungia nyumbani, napeleka kwa bodaboda baada ya futari.

Hela ya kibaraza iweke kwa ajili ya Siku ya Mama, Jumapili tarehe 9 Mei. Hakuna mfungo, na mtu anayemnunulia mama yake habishani bei kama anayemnunulia mchumba. Hapo kibaraza karibu na kanisa kubwa kinalipa, ukiwa umefungua kabla ya misa ya kwanza. Ila itakuwa masika. Barabara ya bondeni Jangwani ikifungwa na mafuriko, bodaboda wako havuki, kwa hiyo oda za upande wa pili zipeleke Jumamosi jioni.

Katikati hapo kuna Idd, kama tarehe 10 Machi. Waridi halina nafasi kubwa, wanaotoka pwani wanataka vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia: asumini, rehani, na kilua ukikipata. Hivyo agiza kwa mama anayevitunga mwenyewe, uvipokee jioni ya kuamkia sikukuu. Asumini lililochumwa asubuhi, ikifika usiku limeshageuka rangi.

Ukiwa tayari kuagiza niambie, nitakuonyesha namna ya kupanga boksi.