Paka Kapimwa, Kaambiwa "Chanya": Maswali Yenu Kuhusu Vipimo

Barua za wiki hii karibu zote ni za virusi viwili: FIV, ambacho wengi mnakiita ukimwi wa paka, na FeLV, leukemia ya paka. Nimechagua tano.

Dokta, shikamoo. Nimeokota paka mtoto sokoni, ana kama miezi miwili. Amepimwa, amekutwa na FIV, nikashauriwa achomwe sindano afe. Nifanyeje? (Mombasa)

Marahaba. Sindano hiyo isubiri. Kipimo cha kawaida cha FIV hakitafuti kirusi, hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewaunda kupambana nacho. Na mtoto wa miezi miwili hutembea na askari wa kuazima, aliowapata kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake. Mama akiwa na FIV, mwana anaweza kutoka chanya ilhali kirusi chenyewe hakijamgusa, na mara nyingi huwa hakijamgusa. Kingamwili za mama huisha taratibu. Mpime tena akitimiza miezi sita. Hata akibaki chanya, paka wengi wenye FIV huishi miaka mingi, na kirusi hicho hakiambukizi binadamu. Msimtupe kwa kuogopa jina.

Nimerudi Dar kutoka Marekani na paka wangu mzee. Kule alichanjwa FIV, hapa kapimwa ni chanya. Chanjo haikufanya kazi?

Huenda chanjo ndiyo inayoonekana kwenye kipimo. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2002, baadaye ikaondolewa sokoni, lakini kingamwili zake hudumu miaka. Omba PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi. Ikitoka chanya, amini. Ikitoka hasi, furahi kiasi, maana nayo huweza kukikosa kirusi kilichomo.

Paka wangu ni mzima kabisa, anakula, anaruka ukuta. Kabla ya kuhasiwa kapimwa FeLV, ikatoka chanya. Kipimo kinaweza kukosea?

Kinaweza, tena kwa paka kama wako hasa. Tufanye hesabu ya mfano. Chukua paka 1,000 wasioumwa, 10 kati yao wana FeLV. Kipimo kiwanase wote 10, ila kiwasingizie 2 katika kila 100 wasio nacho. Utapata chanya kama 30, na 20 kati ya hizo ni za uongo! Kipimo kilekile kwa paka aliyekonda, ufizi mweupe, homa haishuki, ningekiamini zaidi.

Halafu kuna mkono wa mpimaji. Matone ya damu, matone ya dawa, unasubiri dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, kisha unasoma. Nimeona kifaa kimeachwa mezani hadi chai ikanywewa, kikarudiwa kusomwa, kukawa na kistari hafifu ambacho mwanzo hakikuwapo. Hicho si jibu.

Kipimo cha FeLV hutafuta protini ya kirusi chenyewe, kwa hiyo chanjo au kingamwili za mama si kisingizio. Rudia kwa kifaa cha aina nyingine au PCR, kisha tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu baadhi ya paka hukidhibiti kirusi: protini hupotea kwenye damu, vinasaba vikabaki vimejificha kwenye uboho. Wakati huo mtenge na wenzake, bakuli lake peke yake. FeLV hupita kwenye mate.

Kang'atwa jana usiku na dume la mtaani. Nimpime leo?

Leo utajua hali yake ya kabla ya ugomvi tu. Safisha jeraha, kisha mpime FeLV baada ya siku 30 na FIV baada ya 60.

Tumbo limejaa maji. Kipimo cha damu kinasema ana FIP.

FIP ni ugonjwa mkali wa paka unaotokana na kirusi cha korona ya paka, na hakuna kipimo cha kingamwili kinachoweza kuuthibitisha. Kinachoonekana ni kingamwili za korona hiyo, na paka wanaoishi wengi pamoja wengi wao wameipata bila kuugua FIP. Mwambie daktari avute hayo maji tumboni. Tone moja hudondoshwa kwenye maji safi yaliyotiwa asidi ya siki kidogo. Likiyeyuka na maji yakabaki maangavu, FIP haielekei. Likining'inia kama ute au kuzama taratibu bila kuvunjika, shaka inaongezeka, na hayo maji yaende maabara siku hiyohiyo.