Maswali na Majibu: Bodi Inayohama Anwani Kila Stima Ikipotea

Nafuga kuku hapa Njoro. Mashine yangu ya kuangulia mayai inaongozwa na ESP32, bodi ndogo yenye waifai, na joto nalisoma kwenye simu kwa kufungua 192.168.1.104. Stima ikipotea na kurudi, ukurasa haufunguki. Nikichunguza napata bodi imepewa 192.168.1.107. Nifanyeje?

Ruta hukopesha anwani kwa muda tu, kazi inayoitwa DHCP. Stima inaporudi, simu, televisheni na bodi yako huomba upya karibu kwa pamoja, na ruta nyingi za nyumbani zikizimika husahau nani alikuwa na namba gani. Mayai ya kuku yanahitaji joto la nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, na usiku stima inapokatika na kurudi ndipo unapouhitaji ukurasa huo zaidi.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta uone inagawa kuanzia namba gani hadi gani. Tuseme ni 100 hadi 199. Chagua nje ya hapo, mathalani 50. Usiing'ang'anie 104 kwa sababu umeizoea: siku moja ruta itampa mgeni wako namba hiyo hiyo na vifaa viwili vitagombana, mara ukurasa ufunguke, mara ukatae. Kisha kwenye programu, kabla ya WiFi.begin, amri ya kuunganisha waifai, andika:

WiFi.config(ip, lango, maski, dns);

Ip ni 192.168.1.50. Lango ni anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Maski, inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao wenu, ni 255.255.255.0. Kwa dns, yaani anayegeuza majina ya tovuti kuwa anwani, anwani ya ruta kwa kawaida inatosha. Mstari huu ukija baada ya WiFi.begin, bodi huwa imeshaanza kuomba DHCP.

Lakini ikiwa nenosiri la ruta unalo, kuna njia ninayoipenda zaidi. Soma anwani ya MAC ya bodi, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, kwa WiFi.macAddress(), kisha uiagize ruta iihifadhie MAC hiyo namba moja daima. Programu huigusi, na ukija kuletewa ruta inayotumia 192.168.100, bodi itaunganika bila kuandikwa upya, mradi jina la waifai na nenosiri lake ni yale yale. Utahifadhi namba mpya tu. Kuifunga anwani ndani ya bodi nakushauri pale ruta si yako, au bodi inapotumia betri, maana kuiruka DHCP hupunguza muda ambao redio inawaka kila bodi inapoamka.

Niko Kakamega. Nimeandika IPAddress ip(192, 168, 001, 050). Bodi inasema imeunganishwa, lakini 192.168.1.50 haijibu.

Jaribu 192.168.1.40, utaikuta huko. Katika C++, namba inayoanza na sifuri husomwa kwa msingi wa nane, hivyo 050 ni nane mara tano. Ile 001 imekuponyoka kwa sababu moja ni moja kwa msingi wowote. Ungeandika 080, programu ingekataa kabisa na ungeligundua kosa mapema. Ondoa sifuri za mbele.

Shuleni kwetu Nakuru tuna bodi mbili za Arduino Uno zenye kadi za Etherneti. Kila moja tumeipa anwani yake ya kudumu, lakini zikiwa pamoja hupotezana. Ikichomolewa moja, ya pili inafanya kazi vizuri.

Angalieni mstari wa MAC. Bila shaka zote mbili zimeandikwa DE AD BE EF FE ED, ile ya mifano ya Arduino ambayo kila mtu huinakili. Swichi, kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, inaona kifaa kimoja kinachorukaruka kati ya matundu mawili, kwa hiyo inapeleka data kusiko. Kwenye bodi ya pili badilisheni ED iwe EE.

Napima joto la maji ya vizimba vya samaki, Dunga, Kisumu. Tangu niweke anwani ya kudumu, nikiwa kwenye waifai ile ile naiona bodi, lakini data haifiki kwenye seva na saa haijirekebishi.

Umeweka vitu vitatu ukaacha cha nne. DHCP ilikuwa ikikuletea dns kimyakimya. Ulipoiondoa, bodi haina wa kumuuliza seva yako iko wapi, wala pool.ntp.org, inakochukua saa, iko wapi. Ongeza dns, ya ruta au 8.8.8.8. Ikigoma bado, hakiki lango: likikosewa, majirani wa waifai utawaona kama kawaida, ila nje hutoki.

Je, anwani hiyo ya kudumu naweza kuifungua nikiwa Nairobi, bodi ikiwa Bungoma?

Hapana. Anwani zote za 192.168 ni za ndani, na intaneti haizipitishi. Tena, ukitumia modemu ya laini ya simu, mara nyingi kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo hata kufungua mlango kwenye ruta hakutakusaidia. Iache bodi yenyewe itume data kwenye seva ya nje kwa MQTT, njia ya kutuma ujumbe mfupi kupitia seva, nawe uisome kutoka kwenye seva hiyo.