Emmy zilianza kama shughuli ya mji mmoja tu

@aliyeuliza kama tuzo za Emmy, zile za vipindi vya televisheni, zilikuwa za Marekani nzima tangu mwanzo: hapana ndugu yangu. Chama cha televisheni kilichoanza kuzitoa kilianzishwa Los Angeles mwaka 1946 na Syd Cassyd, wakati Wamarekani wengi bado walikuwa wa redio. Rais wake wa kwanza, Edgar Bergen, naye jina alilipata redioni.

Tuzo za kwanza zilitolewa Januari 25, 1949, ukumbini Hollywood Athletic Club. Tiketi dola 5. Vipindi vilivyoshindanishwa ni vya eneo la Los Angeles peke yake, na tuzo zote zilikuwa sita. Ninayempenda zaidi katika historia hii ni Shirley Dinsdale, binti wa miaka ishirini na kidogo, aliyekuwa akimzungumzisha mwanasesere wake Judy Splinters bila midomo yake kuonekana ikicheza. Yeye ndiye aliyepewa Emmy ya kwanza kabisa, akawashinda watu wazima wa fani. Jina lake linastahili kutajwa zaidi ya linavyotajwa.

Ile sanamu wanayopewa washindi, ya mwanamke mwenye mabawa aliyeinua atomu, mabawa yakiwa sanaa na atomu sayansi, ilichorwa na Louis McManus, mke wake Dorothy akiwa kielelezo.

New York walianzisha chama chao mwaka 1955. Mvutano kati ya pande hizo mbili uliishia kwa kutengana mwaka 1977, ndiyo maana hadi leo Emmy zina wenyewe zaidi ya mmoja.