Vitambaa vya kumwogeshea mama: niendelee kuvituma?

SWALI: Shikamoo mama. Nahudumia wazee huku Norway. Mama yangu yuko Tanga, ana kiharusi, hatoki kitandani na amewekewa mpira wa mkojo. Huwa namtumia vitambaa vilivyoloweshwa tayari, vile vya kuogeshea bila maji. Mdogo wangu ndiye anayemwogesha. Kazini nimesikia kwamba viliwahi kuambukiza wagonjwa. Ni kweli?
Binti wa Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Kweli kabisa, tena huko huko uliko. Kuanzia mwishoni mwa 2021 hadi 2022, wagonjwa 339 katika hospitali 38 walikutwa na bakteria wa ukoo mmoja, Pseudomonas aeruginosa. Walipofuatilia, wakamkuta kwenye vitambaa hivyo, hata ndani ya pakiti ambazo hazijafunguliwa. Na miaka 20 nyuma Norway hiyo hiyo iliumwa na vijiti vyenye unyevu vya kusafishia vinywa vya wagonjwa. Ungedhani wangeshtuka hata kwa ung'ongo!

Mdudu huyu anapenda maji. Kitambaa kibichi kilichofungiwa, dawa ya kukihifadhi ikizidiwa nguvu, kwake ni hoteli. Mwenye afya akijifuta nacho kwa kawaida hadhuriki. Mama yako ni habari nyingine: mpira ule ni njia ya moja kwa moja hadi kwenye kibofu.

Kwa hiyo hela ya kutumia mzigo mnunulie sabuni. Mdogo wako achemshe maji, yapoe yawe vuguvugu, anawe mikono, achukue kitambaa safi. Kwenye mpira afute kuanzia unapoingilia mwilini kwenda nje, asirudi nyuma, na kitambaa cha huko kisipande usoni. Akimaliza akifue, akianike juani kikauke kabisa. Kulaza kitambaa kwenye ndoo kikisubiri kesho, jambo ninalolikuta nyumba nyingi, ni kumfugia mgonjwa maradhi.

Losheni nayo, ile tabia ya kutia maji chupani ikikaribia kwisha ili itoke yote, aiache. Maji yanazimua dawa inayoilinda.

Mama akipata homa au akianza kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kama bado vitambaa vipo, mdogo wako abebe na pakiti yake: daktari akishuku kitu, ataihitaji ile namba ya toleo.