Maswali ya Wasomaji: Kosa la Dawa na Kosa la Kalamu

SWALI: Mimi ni muuguzi. Nikiwa zamu ya usiku nilimpa mgonjwa wa kitanda cha nne vidonge vya kushusha presha vilivyokuwa vya mgonjwa wa kitanda cha saba, kwa kuwa wote wawili wana jina la kwanza moja. Alishikwa na kizunguzungu, nikamwita daktari, tukamwekea dripu na kumpima presha kila baada ya dakika 15 hadi alipotengemaa alfajiri. Asubuhi msimamizi wa wodi aliniagiza niuandike upya ukurasa wa usiku ule kwenye faili la mgonjwa, niseme kizunguzungu kilitokana na kutokula. Mgonjwa ameniuliza mara mbili kilichompata. Je, nitashtakiwa?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Barua yako ina makosa mawili, na lililokwisha kutendeka ni moja tu.

Madai ya uzembe wa kitabibu husimama pale inapothibitika kwamba ulikuwa na wajibu kwa mgonjwa, kwamba uangalifu wako ulipungua kiwango kinachotakiwa, na kwamba upungufu huo ndio uliomdhuru. Katika nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, kiwango hicho kimepimwa kwa miaka mingi kwa kesi ya Bolam ya mwaka 1957, inayouliza kama wataalamu makini wa fani hiyo wangeukubali utendaji wa namna ile. Sitakuficha: kutoa dawa bila kulinganisha jina kamili na namba ya faili ni jambo gumu kulitetea. Hata hivyo, madhara yalidumu kwa saa chache, uliyagundua mapema, ukaita msaada na hukuondoka kitandani pake. Hayo yana uzito mkubwa mbele ya baraza la taaluma na mbele ya mahakama, mradi yaonekane kwenye faili. Ukiuandika upya ukurasa ule, utakuwa umefuta kosa lako pamoja na ushahidi wa uangalifu wako.

Tena, kughushi kumbukumbu za mgonjwa ni kosa linalojitegemea, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa zito kuliko kuteleza kwenye dawa, kwa sababu kuteleza kunaweza kumpata yeyote ilhali kughushi hufanywa kwa kukusudia. Uongo huo nao haukai: vidonge vya kitanda cha saba vimepungua, maelezo ya daktari aliyeitwa yapo, na vipimo vya presha vina saa zake. Kuna pia hatari ya kitabibu ambayo msimamizi wako ameisahau, maana daktari wa zamu inayofuata atakaposoma kwamba mgonjwa alianguka presha kwa sababu ya njaa, anaweza kumwanzishia uchunguzi wa ugonjwa ambao hana, au kumpunguzia dawa anayoihitaji kweli.

Faili husahihishwa kwa uwazi. Maneno yaliyokosewa hupigwa mstari mmoja mwembamba ili yaendelee kusomeka, kisha huandikwa tarehe, saa, jina na sahihi. Wino mweupe wa kufutia hauna nafasi hapo. Ulilosahau usiku uliandike leo kwa saa ya leo, ukieleza kwamba ni nyongeza. Jaza pia fomu ya taarifa ya tukio, na utaje bila kumlaumu mtu kwamba wagonjwa wawili wenye jina moja walilazwa wodi moja, kwa kuwa mtego huo bado upo.

Kuhusu agizo la msimamizi, Baraza la Kimataifa la Wauguzi lina kanuni za maadili tangu mwaka 1953, nazo zinamwachia muuguzi dhamana ya utendaji wake mwenyewe. Kusema "niliagizwa" hakutakukinga. Mkatalie kwa heshima.

Mgonjwa naye aambiwe, ukiwa pamoja na daktari wake, kwa maneno mepesi: alipewa dawa isiyo yake, ndiyo iliyomletea kizunguzungu, na haya ndiyo yaliyofanyika. Wengi huogopa kwamba neno la pole litageuzwa kuwa ushahidi. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 1986 ya kuzuia maneno ya huruma yasitumike kuthibitisha hatia, na majimbo mengine mengi yakafuata. Kwa kuwa sheria hutofautiana, muulize kwanza mwanasheria wa chama chenu namna ya kuzungumza. Kama utashtakiwa, hilo liko mikononi mwa mgonjwa na siwezi kukuahidi. Ninachokijua ni kwamba ni rahisi zaidi kuitetea barua uliyoniandikia kuliko ukurasa unaotakiwa kuuandika.

SWALI: Niko kwenye mafunzo ya udaktari kazini. Mama mmoja aliandaliwa kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, na fomu ya ridhaa akasaini mumewe. Akiwa kwenye machela aliniuliza, "Mtakiacha kizazi changu?" Sikuwa na jibu.

JIBU: Basi ridhaa haikuwapo. Tangu mwaka 1914, katika kesi ya Schloendorff huko New York, Jaji Cardozo alieleza kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye haki ya kuamua mwili wake utendewe nini. Sahihi ya mume ingeweza kufikiriwa kama mama huyo angekuwa hajitambui, na hata hapo, penye dharura ya kuokoa maisha, sheria za nchi nyingi humruhusu daktari kuendelea bila sahihi ya mtu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Montgomery ya mama mwenye kisukari ambaye hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama wakati wa kujifungua, iliamua kwamba mgonjwa aelezwe hatari ambayo mtu aliye katika hali yake angeiona kuwa na maana. Kupoteza kizazi ni hatari ya aina hiyo bila ubishi.

Safari nyingine simamisha machela. Mwite daktari mpasuaji, aeleze mwenyewe, kisha mwombe mgonjwa akusimulie kwa maneno yake kinachokwenda kufanyika. Akishindwa, muanze upya, hata kama chumba cha upasuaji kinasubiri.