Muulize Fundi wa Simu: Matundu Yanafanana, Lakini Si Ndugu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani, ila kwa kuwa ndiye mdogo ofisini, kila chenye waya naletewa mimi. Tumenunua swichibodi iliyokwisha kutumika. Kitabu chake kinasema matundu 1 hadi 8 ya simu za dijitali ni SELV, 9 hadi 16 ya simu za kawaida ni TNV-2, na 17 hadi 20 ya laini za nje ni TNV-3. Kinaonya tusiyachanganye. Mbona plagi inaingia kote? Bosi anataka ekstensheni ya tundu la 12 ifike kibanda cha mlinzi getini, mita 80 hivi. Aliyetufungia mtambo anasema volti 48 haziui mtu, tuvute tu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Mwenzangu huyo amesoma nusu ya kibao.

Volti 48 ni za simu iliyotulia. Ikiita, mtambo unapitisha humohumo umeme wa kupishana wa volti 75 hadi 90 hivi, mara 20 au 25 kwa sekunde. Najua ladha yake. Nilipokuwa naanza kazi tulikuwa tunamenya waya kwa meno. Siku moja niko juu ya ngazi, ncha zote mbili mdomoni, mtu akapiga simu. Sikufa, ila ngazi niliiacha bila kuaga, na tangu hapo natembea na koleo.

Herufi hizo, SELV na TNV, ni madaraja ya usalama wa umeme, na zinajibu maswali mawili. La kwanza, mtambo wenyewe unatoa umeme kiasi gani? SELV haivuki volti 60 za umeme wa moja kwa moja, au kilele cha volti 42.4 kwa umeme wa kupishana, hata kukitokea hitilafu moja. TNV-2 na TNV-3 huvuka hapo, kwa sababu ya huo mwito. La pili ndilo linalowahusu ninyi: je, kuna kitu kinaweza kuingia kutoka nje? Radi haina haja ya kupiga waya wenu. Ikipiga jirani tu, waya mrefu wa nje unaweza kuamka na maelfu ya volti. TNV-3 imejengwa na kupimwa kwa ajili ya mgeni huyo. TNV-2 haimtarajii, ni ya ndani ya jengo.

Kwa hiyo tundu la 12 lisitoke nje. Matundu 17 hadi 20 nayo hayatawafaa, maana yanapokea laini, hayaitishi simu. Ulizeni kama mtambo wenu una kadi ya ekstensheni za nje ya jengo. Ikiwepo, wekeni vilinda-radi pande zote mbili, pale kebo inapoingia jengoni na inapoingia kibandani, na kila kimoja kifungwe kwenye ethi, yaani waya unaoshusha umeme ardhini, ya upande wake. Isipokuwepo, pitisheni kebo ya nyuzi za kioo, ambayo haibebi umeme, au tumieni simu isiyo na waya. Mkumbuke mlinzi ndiye atakayekuwa na mkono wa simu sikioni mvua ikinyesha.

Kuhusu cheti: mtambo uliidhinishwa ukiwa umefungwa jinsi kitabu kinavyosema. Mkivuta tundu la 12 hadi getini, mhuri ulio nyuma ya sanduku hauwahusu tena, na mkaguzi hatahitaji dakika tano kuliona hilo. Mkinunua mtambo mpya msishangae kukuta ES1, ES2 na ES3. Hiyo ni lugha ya kanuni ya kimataifa ya usalama, IEC 62368-1, iliyochukua nafasi ya IEC 60950-1 yenye hizo SELV na TNV: ya kwanza haikuumi, ya pili inauma bila kujeruhi, ya tatu inajeruhi.

Hukuniuliza, lakini mtambo wa mkono wa pili hunitia wasiwasi. Tazama nyuma, kuna skrubu yenye alama ya ethi. Waya wa kijani na manjano uko pale, au aliyewauzia alibaki nao? Kama haupo, zima leo. Na siku ya kuufungua, chomoa laini za nje kwanza, kwani zinaleta umeme wake zenyewe hata plagi ya ukutani ikiwa imetoka. Kisha chomoa plagi. Waya wa ethi uwe wa mwisho kabisa kuguswa.