Wino wa mgunga

Mbuyu wa kwanza niliouchora kwa wino wa mimea niliutundika mkabala na dirisha. Wino ulikuwa wa choya, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, niliyoinunua soko la Majengo, mwekundu wa kuiva, nami niliupenda mno mchoro ule. Haikupita miezi miwili jua la Dodoma likawa limeula. Likabaki doa la kijivu lenye umbo la shina.

Tangu hapo siuamini wino ambao haujapigwa jua. Nawe ukipata rangi mpya, chora mistari michache, funika nusu yake kwa kadibodi, bandika dirishani, kisha subiri mwezi mzima. Choya na bizari ya manjano huchujuka upesi. Choya bado naitumia, ila kwenye daftari linalofungwa, maana ina raha yake: ukitia chembe ya magadi wekundu hugeuka buluu au kijani, na tone la ndimu huurudisha.

Wino ninaoutegemea unatoka kwenye mgunga. Maganda yake ya mbegu yana tanini nyingi, ile ile inayotumika kutengenezea ngozi. Okota yaliyodondoka, gome usilichubue, mti unaumia na maganda yanatosha. Siku moja nikiwa nakusanya, bibi mmoja mchungaji alinisimamisha. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mjukuu wangu, hicho ni chakula cha mbuzi wangu." Alisema kweli. Siku hizi najaza mfuko mmoja mdogo tu, mengine nayaacha chini ya mti.

Vunjavunja vikombe viwili vya maganda, chemsha katika lita moja ya maji kwa moto mdogo muda wa saa moja, acha yalale humo usiku kucha, uchuje kwa kitambaa. Utapata maji ya kahawia. Pembeni uwe umeloweka misumari yenye kutu ndani ya siki kwa wiki mbili, na kifuniko usikikaze kwa sababu hewa hujaa ndani. Dondoshea maji hayo ya kutu kwenye kahawia yako, tone kwa tone. Hapo ndipo moyo wangu hudunda hadi leo: kahawia inaingia giza, inakuwa nyeusi mbele ya macho yako. Usizidishe kutu, karatasi italiwa. Malizia na gundi kidogo inayotoka kwenye migunga, iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, ili wino ushike, na karafuu mbili tatu kuzuia ukungu.

Sufuria ya wino isirudi jikoni. Na kama uzio wenu ni wa minyaa, usijaribu utomvu wake mweupe. Ukiingia machoni unaunguza vibaya.

Kwa rangi nyekundu nimeacha kabisa kuhangaika na maua. Nilipokwenda Kolo, Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, nilielewa: wekundu ule ni wa udongo wenye chuma. Nikasaga udongo mwekundu wa karibu na nyumbani, nikauchuja mara tatu, nikauchanganya na gundi ileile. Mbuyu wangu wa sasa una shina la udongo na matawi ya mgunga, na nimeutundika palepale dirishani.